CHAWA WA NJIWA
Mazungumzo ya Bwana Shamba



Kijitabu hiki kimejaa habari za mahindi, maharage na mbolea, na labda utashangaa kuona kwamba leo nasema habari za njiwa. Sababu ni kwamba nyumba nyingi za milimani zina kibanda cha njiwa juu ya nguzo. Makinda yake ni kitoweo na fedha ya chumvi, na samadi yake ikisha kuoza hustawisha matuta ya mchicha. Tena dawa nitakayoitaja hutoka shambani. Basi sikilizeni.

Mkulima huniambia, "Bwana Shamba, njiwa wangu wanakula vizuri lakini hawanenepi, na manyoya yao yamechakaa." Mara nyingi jibu limo ndani ya ubawa. Mkamate njiwa mmoja mchana, ukunjue ubawa wake, uuelekeze kwenye mwanga, uutazame kwa upande wa chini. Ukiona vijistari vyembamba vyeusivyeusi, urefu wake yapata milimita 2, vimelala katikati ya nyuzi za unyoya kana kwamba ni sehemu ya unyoya wenyewe, hao ni chawa. Waguse kwa kijiti, utawaona wakikimbia. Mayai yao yamegandishwa hapo hapo kwenye manyoya, wala hayatoki kwa kupanguswa. Yuko na chawa mwingine, mfupi na mnene, akaaye katika manyoya ya mwilini.

Chawa hawa hawanyonyi damu. Hula manyoya, hasa yale malaini yaliyo karibu na ngozi. Watu wengi husema, "Basi kama hawanyonyi damu, wana dhara gani?" Dhara lipo. Manyoya malaini ndiyo blanketi la njiwa. Yakiliwa, joto humtoka usiku, na mtama uliompa ili anenepe hutumika kumtia joto tu. Katika nchi ya baridi kama Njombe au Limuru hasara hiyo si ndogo. Wale wanaofuga njiwa wa mashindano huko Ubelgiji na Uingereza, ambao njiwa wao husafirishwa mamia ya kilomita ili waruke kurudi nyumbani, hawaachi kuchungulia mabawa, maana unyoya mbovu ni mwendo mbovu.

Sasa shika neno hili, kwa maana ndilo wengi wasilolijua. Mganga wa kwanza wa chawa ni njiwa mwenyewe. Kila siku hujichambua manyoya, na ile ncha ya mdomo wa juu inayopita kidogo mdomo wa chini ndiyo inayowasaga chawa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha jambo hili mwaka 2005: walipoipunguza ncha hiyo kidogo tu, chawa waliongezeka sana, na ilipoota tena, chawa walipungua. Kwa hiyo usimkate njiwa mdomo. Tena, ukiona njiwa mmoja amejaa chawa na wenzake hawana wengi, usikimbilie dawa ya chawa peke yake. Mtazame mdomo kama umevunjika au umepinda. Mfunue kinywa uone kama kooni mna utando wa manjano. Pengine ni mgonjwa, na kwa sababu ya ugonjwa ameacha kujichambua. Mtenge, umwite Bwana Mifugo.

Usichanganye chawa na wadudu wengine. Utitiri hujificha mchana katika nyufa za mbao, hutoka usiku kunyonya damu, nao huweza kuua makinda. Utawaona ukienda bandani na kurunzi usiku. Huyo hatibiwi kwa kumpaka njiwa dawa tu. Kibanda chenyewe hapana budi kisafishwe. Nzi wa njiwa naye ni bapa, hukimbia kati ya manyoya, hunyonya damu na kuleta ugonjwa wa damu. Chawa humdandia nzi huyo na kusafiri kutoka njiwa hadi njiwa, kama abiria wa basi. Vifuko vyake ni punje nyeusi zinazong'aa ndani ya takataka za kiota. Ukiondoa takataka hizo na kuzichoma kila baada ya wiki mbili, nzi hawatapata nafasi ya kutoka.

Haya, dawa. Pareto inayolimwa Iringa, Mbeya na milima ya Kenya huua chawa. Nunua unga wa pareto, au unga wa permethrin uliotengenezwa kwa ajili ya ndege, katika duka la dawa za mifugo, na ufuate maandishi ya kopo. Fanyeni kazi hii jioni, watu wawili: mmoja amshike njiwa, mwingine apenyeze unga kidogo chini ya mabawa, shingoni, tumboni na chini ya mkia. Usitie machoni wala puani, wala usipake makinda yasiyoota manyoya. Njiwa wote wapakwe siku moja. Ukimwacha mmoja, umejipotezea dawa. Dawa haiui mayai, kwa hiyo rudia baada ya siku 10, kisha tena baada ya siku 10 nyingine. Funga kopo mahali pa giza, maana mwanga huiharibu pareto. Iweke mbali na kisima cha samaki na mizinga ya nyuki. Permethrin huua paka pia.

Majivu huwafaa kuku, ambao hupenda kujigaagaza vumbini. Njiwa hupenda maji. Wape karai la maji ya kina cha vidole vinne mara moja kwa wiki, asubuhi, wakauke kabla ya jua kuchwa. Maji hayaui chawa, lakini njiwa aliyeoga hujichambua vizuri. Baada ya hapo mwaga maji, kibanda kibaki kikavu. Chawa hupenda unyevunyevu.

Nasema kwa nguvu: usimpake njiwa dawa ya pamba, ya kahawa wala ya kuogeshea ng'ombe. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa sababu dawa ilikuwa tayari nyumbani. Njiwa hujichambua kwa mdomo, kwa hiyo huila sumu hiyo yote, na wewe na watoto mtamla njiwa. Zamani watu walitumia DDT; leo haifai kabisa kwa kazi hii. Hata kwa dawa iliyo halali, usichinje kabla siku zilizoandikwa kwenye kopo hazijapita.

Na njiwa wapya wa kutoka sokoni walale tundu la peke yao wiki mbili, wapakwe dawa siku ile ile ya kufika, na mabawa yao yachunguliwe tena kabla ya kuwachanganya na wenyeji.