Fokasi ya Mkono: Amana ya Mpiga Video



Wazazi wetu, ndugu na dada zangu wa Thika na Ruiru, baada ya Idd harusi zitafuatana, na vijana wengi tutaitwa: "Wewe mwanangu una kamera, njoo utuchukulie video." Kabla hujaitikia, hebu nikusimulie kisa changu.

Nilirekodi nikaha moja Ruiru. Baba wa bibi harusi alipoanza kutamka maneno ya kumuozesha binti yake, sauti ilimtetemeka, machozi yakamlengalenga. Kamera nilikuwa nimeiachia ijitafutie fokasi yenyewe. Mtu akapitisha mkono mbele, kamera ikababaika, ikaruka nyuma na kung'ang'ania chupa ya chai iliyokuwa mezani. Mimi sina habari, nawaangalia watu. Nilipofika nyumbani Thika nikafungua kompyuta: chupa imetoka safi, maua yake unaweza kuyahesabu. Uso wa mzee ni ukungu mtupu.

Mwaka uliofuata mzee akafariki, Allah amrehemu. Binti yake akanipigia simu kuomba kile kipande. Nikamwambia ukweli: sauti ipo, uso haupo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, nitamsikiliza."

Ndugu yangu, kosa halikuwa la kamera. Mimi ndiye niliyeachia mashine iamue nani wa kutazamwa.

Sasa tuelewe tatizo lenyewe. Lenzi huona sawasawa umbali mmoja tu. Mbele na nyuma ya hapo kuna nafasi ndogo ambayo macho yetu bado yanaikubali. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, fungua tundu hadi f/2, mtu akae mita moja na nusu. Nafasi yako yote ni kama sentimita 11. Mzee akiinama kuitikia dua, ameshatoka. Funga tundu hadi f/5.6, unapata kama sentimita 30. Hilo somo la kwanza ni la bure: mwanga ukitosha, usijionyeshe na tundu wazi.

Somo la pili ni lenzi. Lenzi nyingi za kisasa pete yake huzunguka kidogo tu, na nyingine huzunguka bila kufika mwisho. Lenzi za zamani za mkono pete yake ni nzito, safari yake ni ndefu, hugonga mwisho pande zote mbili, na umbali kwa mita umeandikwa juu yake. Palipokuwa na mita 2 jana, leo ni papo hapo. Canon 5D Mark II ilipotoka mwaka 2008 ikirekodi video ya 1080p, wapiga video wengi walizitoa lenzi hizi kabatini. Lenzi ya Nikon ya kishikio cha F, kilichoanza mwaka 1959, hukaa kwenye kamera ya Canon EF kwa pete nyembamba tu, maana moja hukaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa na nyingine 44. Lakini angalia: Nikon huzunguka kinyume na lenzi nyingi nyingine. Ukichanganya, mkono wako utakudanganya.

Somo la tatu ni kile kifaa cha folofokasi. Ni gurudumu la pembeni lililofungwa kwenye vyuma viwili vya milimita 15 chini ya kamera. Gia yake inaumana na mkanda wa meno uliovishwa kwenye pete ya lenzi. Ukizungusha gurudumu, lenzi inafuata na kamera haitikisiki. Kwenye gurudumu kuna duara jeupe la kuandikia kwa kalamu: hapa mzee, hapa bwana harusi, hapa mlango. Huna pesa? Mkanda wa chuma wa kubania paipu ya maji, ukiuvisha juu ya kipande cha mpira, unakupa mpini wa kuanzia. Lakini usiukaze sana ukaibana pete.

Utaniambia kamera za leo zinatambua jicho la mtu na kulifuata. Ni kweli, na zinafanya vizuri. Ila kati ya macho ishirini, haijui lipi ni la baba anayemtoa binti yake. Hilo unalijua wewe, kama ulifika mapema ukauliza.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo karibu mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir kuhusu nuru na kuona. Humo alitenganisha kuona kwa kutupia jicho na kuona kwa kutazama kwa makini. Mimi pale Ruiru nilitupia jicho tu.

Basi tumia siku hizi kufanya mazoezi. Baada ya Alasiri mwambie ndugu yako atembee kutoka mlangoni hadi ulipo. Pima kwa futi ya fundi, weka alama mita 4, mita 3, mita 2, kisha mfuate kwa mkono bila kumpoteza. Rudia mara hamsini. Siku ya harusi fika kabla ya watu, pima pale watakapokaa, omba ruhusa kwa wenyewe, na upande wa kina mama usiingie bila idhini. Kisha weka alama ya kwanza kwa wazee. Vijana tutapigwa picha nyingine. Wao huenda hiyo ndiyo ya mwisho.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.