Ni Injini Gani Iliyomo Ndani ya Pikapu Yako? Mazungumzo na Wakazi wa Mpakani

Leo hatukuja kuzungumzia magendo wala wizi wa ng'ombe. Tumekuja kuzungumzia pikapu za zamani, zile Land Cruiser ambazo babu alinunua, baba akarithi, na mjukuu hadi leo anazipakia matoke.

Mzee mmoja wa upande wetu alizuiwa mpakani akiwa na shehena yake. Kadi ya gari ilisema injini ni ya petroli. Chini ya boneti ilikuwamo ya dizeli. Mzee hakuwa mwizi. Aliibadilisha injini miaka mingi iliyopita, akapewa stakabadhi ya karatasi iliyochanwa daftarini, na stakabadhi hiyo ikaliwa na mchwa. Matoke yaliivia garini, kisha yakaoza. Gari lilikaa uani kwetu majuma matatu mpaka namba ya injini ilipothibitishwa kuwa haitafutwi popote. Nasi tukiri la kwetu: mara mbili kabla ya siku hiyo tulilipitisha gari lilelile kwa kusoma namba za usajili tu. Tungalifungua boneti mapema, mzee angalikwisha kuirekebisha kadi yake.

Basi tuanze na kibao cha chuma kilichobandikwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na dereva. Herufi zinazotangulia J ndizo zinazotaja ukoo wa injini iliyotoka nayo kiwandani. FJ45 ilizaliwa na injini ya F, ya petroli, yenye silinda sita. HJ45 na HJ47 ni za dizeli, silinda sita vilevile: ya kwanza ina injini ya H ya lita 3.6, ya pili ina 2H ya lita 4. Herufi B ni dizeli ya silinda nne. Katika pikapu zilizofuata, HJ75 ina 2H, na HZJ75, iliyoanza mwaka 1990, ina 1HZ ya lita 4.2.

Lakini kibao husema gari lilivyozaliwa, hakisemi lilivyo leo. Tazameni injini yenyewe. Ya petroli ina plagi na nyaya zake nene. Ya dizeli ina pampu inayotoa mabomba membamba ya chuma hadi kwenye nozeli. Yahesabuni, nanyi mtajua idadi ya silinda. Wengi huchanganya 2H na 1HZ, na hata baadhi ya mafundi hubishana. Angalieni pampu: ya 2H ni ndefu, na mabomba yake yamesimama kwa mstari kama askari gwarideni. Ya 1HZ ni fupi, na mabomba yake hutokea kwenye kichwa kimoja cha mviringo.

Ushahidi wa mwisho ni namba iliyogongwa kwenye bloku. Msiridhike na maandishi yaliyo juu ya kava, kwa maana kava hufunguliwa kwa spana na kuhamishiwa injini nyingine. Pangusa bloku kwa kitambaa chenye dizeli, paka chaki, namba itaonekana. Msitumie tupa wala msasa, na fundi asithubutu kuigonga upya namba iliyofifia, hata kwa nia njema. Bloku iliyoparuliwa hututia shaka kuliko bloku yenye kutu, na kumwondolea mwenye gari shaka hiyo ni kazi ndefu.

Anayenunua injini iliyotumika aisome namba kwa macho yake kabla ya kutoa fedha, kisha iandikwe katika hati ya mauzo pamoja na jina la muuzaji na namba ya kitambulisho chake, mwenyekiti wa kijiji akiwa shahidi. Baada ya hapo gari lipelekwe kwa mkaguzi wa magari ili kadi ibadilishwe. Hati ibaki na nakala nyumbani, mahali pasipo mchwa.

Mzee tuliyemtaja ameridhia kutuletea pikapu yake. Ipo pale chini ya mwembe. Mwenye tochi aje nayo, na vijana watangulie kufungua boneti.