Kilio cha Bonane na daftari yetu
(Maneno ya mama mweka hazina mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)

 

Hapa kwetu Fizi, Bonane iko na vilio viwili. Cha kwanza kila mtu anakijua. Kuanzia tarehe 30/12/1998 mpaka 2/1/1999, katika vita ya RCD, askari walipiga watu risasi kule Makobola na kuwachomea ndani ya manyumba. Mamia walikufa. Wengi wetu tulivuka ziwa kwenda Kigoma, tukakaa Lugufu na Nyarugusu, na hata kule kambini tulitaja wafu wa Makobola kwa majina. Hakuna aliyeona haya kusema: yule ni wetu.

Cha pili ni cha 1/1/2011, Fizi-centre. Askari wa serikali walibaka bamama kwa makumi. Mwezi wa pili mahakama ya kijeshi ikaja kukaa hapa Baraka. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Luteni-Kanali Kibibi Mutware alikatiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Watu walifurahi, na ilikuwa haki yao. Lakini mimi nilikuwa sokoni ile juma, na maneno hayakuwa juu ya kanali. Watu walikuwa wanauliza: ni nani na nani walifanyiwa? Na bwana wa fulani, ataendelea kukaa naye? Mwenye kufiwa tunampelekea unga na mkeka. Hawa bamama tuliwapelekea macho tu.

Nasema hivi kwa sababu ya daftari yetu. Mfuko wa chama unalipa kilio, unalipa uzazi, unalipa ugonjwa. Ila kwa ugonjwa lazima jina lisomwe hapa mbele, na shida ijulikane. Mwaka jana mama mmoja (sitasema anatoka wapi, musitafute) alibakwa akitoka shambani. Hakuwa na pesa ya moto ya kumfikisha hopitali, na jina lake kusomwa mbele yenu hakutaka. Alikuja kwangu siku ya tano. Dawa ya kuzuia ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Alichelewa kwa sababu ya kanuni yetu wenyewe.

Kisha jamaa wakapokea mbuzi wawili ili neno liishe. Wazee, nawaheshimu, lakini sheria ya 2006 iko wazi: faini ya kupatana haimalizi kesi ya ubakaji. Ile nyama ililiwa, na yeye hakuonja.

Ninaomba hivi. Mimi na mama mwingine mutakayemchagua turuhusiwe kutoa pesa ya moto siku ileile, hata usiku, bila kuuliza mkutano. Daftarini iandikwe "safari" tu, bila jina. Mtaniuliza: na wizi? Muko na haki kuuliza. Kila karatasi ya dereva itabaki, na rais wa chama atahesabu kila mwezi.

Njo hayo tu. Anayepinga asimame sasa, tupige kura mbele ya chakula.