MASHINE YA KUKATA NA KUFUNGA KARATASI ZA OFISI: IPI ITANGULIE?
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Karani anayefungua rimu ya karatasi asubuhi haoni kazi iliyotangulia kabla rimu hiyo haijamfikia. Huikumbuka tu pale fotokopi inapokwama, karatasi zikatoka zimekunjamana, na barua iliyotakiwa saa tatu ikawa tayari saa sita. Lawama huangukia fotokopi. Kumbe kosa laweza kuwa lilifanyika mbali, kwenye kisu cha kiwanda.

Tanzania imewahi kuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi. Kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi katika Mkoa wa Iringa, kilianza uzalishaji mwaka 1985 kwa jina la Southern Paper Mills. Kilikusudiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka kutokana na miti ya Shamba la Sao Hill, hasa misindano. Rimu 1 ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5, na tani moja hutoa rimu 400. Lau tani hizo zote zingekuwa karatasi za ofisi, zingepatikana rimu milioni 24. Uzalishaji ulisimama katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 kiwanda kikauzwa kwa kampuni ya Rai ya Kenya. Kwa jina lake jipya la Mufindi Paper Mills, kazi yake kubwa imekuwa karatasi za kaki za mifuko na maboksi.

Kwa hiyo mwenye nia ya kukata karatasi nyeupe huko Iringa au Mbeya atategemea maroli yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupanda milimani kwa barabara, au kwa reli ya TAZARA hadi Makambako na Mbeya. Maboksi ya kufungia angalau yaweza kutokana na karatasi ya kaki ya jirani yake. Mtu huyo akiwa na fedha ya mashine moja tu, anunue ipi?

Wengi huvutiwa na mashine ya kufunga, kwa kuwa ndiyo inayopendeza macho ya wageni. Uamuzi huo si sahihi. Itangulie mashine ya kukata, tena iwe na uwezo wa kuhesabu.

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Mkono wenye gilotini ya kawaida waweza kukata vizuri mara mia, kisha ukachoka. Karatasi zikipishana urefu hata kwa milimita moja, hazipangiki sawasawa katika trei. Kisu kikiwa butu huacha vumbi pembeni, na vumbi hilo huingia ndani ya fotokopi. Mashine inayovuta karatasi kutoka kwenye roli na kuikata kwa kipimo kimoja huondoa upungufu wa kwanza. Wa pili huondolewa na fundi anayenoa visu kwa wakati, awe na mashine au asiwe nayo.

Hesabu nayo si jambo dogo. Wapo wanaodhani mizani inatosha, kwa kuwa rimu ni kilo 2.5. Lakini karatasi moja ni gramu 5 tu. Uzito wa karatasi ukipungua au kuzidi kwa asilimia 2 kwa sababu ya unyevu au utengenezaji, tofauti ni gramu 50, sawa na karatasi 10. Mizani itapitisha rimu yenye karatasi 490, na mnunuzi atalipia 500. Kitambuzi kinachohesabu kila karatasi inapokatwa hakidanganywi na unyevu.

Kufunga kwaweza kusubiri. Mfungaji akifunga rimu moja kwa dakika, zamu ya saa 8 ni rimu 480, yaani kilo 1,200. Wafungaji kumi ni tani 12. Kiwanda kinachoanza hakina soko la kuzidi hapo, na umeme ukikatika mikono haisimami. Kuwaondoa watu kumi ili kununua mashine itakayolala nusu ya siku ni hasara mara mbili. Kinachotakiwa ni kuwapatia karatasi ya kufungia yenye utando wa nailoni ndani, izuie unyevu.

Unyevu huo ndio unaovigusa zaidi visiwa. Karatasi iliyofungwa katika baridi ya Mufindi na kufunguliwa papo hapo katika joto la pwani huvuta maji kuanzia kingo zake, ikawa na mawimbi. Watunza ghala wanaombwa kuyaweka maboksi juu ya mbao, mbali na ukuta, na kuyaacha siku nzima bila kuyafungua baada ya kuyapokea. Rimu ifunguliwe pale inapohitajika, na zinazobaki zirudishwe ndani ya kifungio chake.