Nani Kalipia Kadi Yako?

(Maneno niliyozungumza na vijana wa chama, Morogoro mjini)

Najua wengi mmekuja kusikia habari za uchaguzi wetu wa ndani ngazi ya kata. Nitafika huko, ila napitia Mgeta kwanza.

Nachora njia za Uluguru kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ambayo yeyote anaihariri na kuitumia bure. Ilianzia Uingereza mwaka 2004. Hapa nchini ilipata nguvu 2015, mradi wa Ramani Huria ulipowaingiza wanafunzi mitaani Dar kuchora mitaro na maeneo yanayofurika. Mimi huchora usiku, bando likiwa la bei poa. Siku moja nikakuta njia ya miguu niliyoichora imegeuzwa barabara ya gari! Aliyebadilisha anaajiriwa na kampuni kubwa, yuko mbali, anatazama picha ya setilaiti. Masika pale hata bodaboda inasukumwa, setilaiti itayajulia wapi hayo? Nikamwandikia, akarekebisha, tena kwa adabu. Sina ugomvi naye.

Ila nikajiuliza: angekataa, nani angeamua?

Juu kabisa kuna taasisi yenye bodi ya watu 7, wanaochaguliwa na wanachama. Sasa sikieni. Novemba 2018, uchaguzi umekaribia, maombi ya uanachama kama 100 yakaingia kwa mkupuo, kutoka kwa wafanyakazi wa kampuni moja. Naona mnacheka. Mnaujua huo mchezo: kadi kalipia mtu mmoja, wapiga kura wanashushwa na Coaster. Wenzetu hawakunyamaza. Uchunguzi ukafanyika, ripoti ikawekwa hadharani. Na tangu 2020, ukichora siku 42 ndani ya mwaka unaweza kuomba uanachama bila kulipa ile ada ya pauni 15. Kazi yako ndiyo kadi yako.

Kampuni nazo hazikulala. Desemba 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom walianzisha Overture Maps. Inachukua data zetu pia, na leseni inaruhusu, sawa. Lakini meza kuu ya kule unaikalia kwa mchango mkubwa wa fedha na wahandisi. Mkulima wa Nyandira hana kiti. Wazee wetu wa Matombo mwaka 1955 waliandamana kupinga matuta ya kulazimishwa na mkoloni. Kulima walikuwa wanajua, waliopanga hawakuwauliza.

Haya, tumefika kwenye kata. Daftari letu la wanachama nimelipitia. Kuna majina yameingia wiki hii, mengi kwa siku moja. Sitamtaja mtu hapa. Nauliza tu, ada zao kalipa nani? Katibu yupo, atujibu kabla hatujapiga kura.

Na wenye simu janja, Jumamosi tunapanda Kinole kuchora. Saa 12 asubuhi, stendi. Njooni na viatu vya matope.