Kapasita ya Koili ya Tesla Haiongezi Cheche



Koili ya Tesla, kifaa cha kurusha cheche za umeme hewani, ilibuniwa na Nikola Tesla mwaka 1891. Leo wengi wanaoiunda nyumbani kwao huko Marekani huanza na transfoma ya mabango ya neoni, ile ya volti 15,000 na miliampia 30. Zidisha, unapata volti-ampia 450. Kwenye soketi ya volti 120 inavuta karibu ampia 4, lakini kazi inayofanyika ni nusu tu, kama wati 225. Nusu hiyo mafundi wanaiita pawa fakta ya 0.5.

Kwa nini? Ndani ya transfoma hiyo kuna vipande vya chuma vinavyochepusha sumaku kwa makusudi, ili mkondo usizidi kiasi hata ncha zikigusana. Matokeo yake mkondo huchelewa nyuma ya volti. Umeme unaingia kwenye sumaku, unarudi gridini, unaingia tena. Ni daladala inayokwenda na kurudi tupu: barabara imejaa, abiria hakuna.

Mkondo wa kapasita, kinyume chake, huitangulia volti. Ukiifunga sambamba na upande wa volti ndogo, umeme ule wa nenda-rudi huzunguka kati ya kapasita na transfoma, bila kupita kwenye nyaya za nyumba. Transfoma yetu inahitaji takriban mikrofaradi 72, na ampia zinashuka hadi 2 hivi. Kwa volti 230 na hezi 50 za hapa Tanzania, transfoma ya ukubwa huohuo ingehitaji kama 24. Fungua kasha la taa ya tyubu yenye choki. Mara nyingi utakuta kapasita ndogo iliyowekwa kwa sababu hiyohiyo.

Tumia kapasita ya kuendeshea mota. Ile ya kuwashia tu haivumilii umeme wa muda wote. Hupata joto, ikapasuka.

Wapo wanaoifunga wakitarajia cheche ndefu zaidi. Hawatazipata. Faida yake ni nyaya zisizopata moto na breka isiyokatika ovyo, nayo inatosha.

Funga pia rezista kati ya ncha za kapasita ili imalize chaji. Na kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi: umeme wa transfoma hii unaua.