Mbolea kwa Bei Anayoimudu Mkulima Mdogo

*Maelezo yaliyotolewa kwa wakulima na mawakala wa pembejeo wakati wa maandalizi ya msimu wa kilimo*



Nitazungumzia jambo moja tu: mkulima mwenye ekari mbili au tatu afanyeje ili fedha yake ndogo impatie mbolea iliyo sahihi, kwa bei ya haki na kwa wakati. Mbolea ikichelewa, mvua haimngoji mtu.

Sehemu kubwa ya mbolea tunayoitumia Tanzania hutoka ng'ambo. Hununuliwa kwa fedha za kigeni, hushushwa bandarini, kisha husafirishwa mamia ya kilomita hadi Ruvuma, Mbeya na Rukwa. Kila hatua ina gharama yake. Ili kuzipunguza, mwaka 2017 Serikali ilianzisha ununuzi wa pamoja wa Urea na DAP, ili shehena kubwa iagizwe kwa zabuni moja. Bei ya dunia ilipopanda mwaka 2021, na vita vya Ukraine vikaichochea zaidi mwaka uliofuata, hatua hiyo pekee haikutosha. Ndipo tarehe 8 Agosti 2022, Siku ya Nanenane, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mpango wa ruzuku jijini Mbeya. Msimu ule mfuko wa DAP wa kilo 50, uliokuwa umevuka shilingi 130,000, uliuzwa kwa shilingi 70,000.

Ndugu wakulima, ruzuku humfikia aliyeandikishwa. Nenda serikali ya kijiji, jiandikishe, na utaje ukubwa halisi wa shamba lako. Namba utakayopewa ni mali yako. Ukimwazima mtu, yeye ndiye atakayechukua mifuko yako, nawe utakuta haki yako imekwisha tumika. Kabla ya kutoka nyumbani, ulizia bei elekezi ya eneo lako kwa msimu huu, wala usitegemee bei ya mwaka jana.

Ufikapo dukani, tazama mshono wa mfuko: haupaswi kuwa umefumuliwa na kushonwa upya. Soma jina la mbolea, uzito, kiasi cha virutubisho na tarehe. Dai risiti inayoonyesha aina, idadi na bei uliyolipa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na malalamiko bila risiti ni mazito kuyathibitisha.

Jihadharini na mbolea ya kupimwa kwa kopo kutoka mfuko uliofunguliwa. Najua kwa nini wengi huinunua: fedha ya mfuko mzima haipo. Lakini mbolea hiyo haina lebo, huenda imenyonya unyevu au kuchanganywa, na mara nyingi kilo moja yake huwa ghali kuliko ile ya mfukoni. Ulizeni vifungashio vidogo vilivyofungwa kiwandani, au changeni fedha majirani wawili watatu, au agizeni kupitia chama chenu cha msingi cha ushirika na kugawana gharama ya usafiri.

Aidha, bei ya mfuko haitoshi kukuonyesha unafuu. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, ilhali mfuko wa CAN yenye asilimia 26 una kilo 13. Katika msimu wa 2022/2023 Urea iliuzwa shilingi 70,000 na CAN shilingi 60,000. Ukigawanya, kilo moja ya naitrojeni iligharimu takriban shilingi 3,040 katika Urea, na takriban shilingi 4,600 katika CAN. Mfuko uliokuwa rahisi dukani ulikuwa ghali shambani. Hata hivyo, Urea ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hupotea hewani, ifukieni. Na kabla ya kuchagua, mwombeni afisa ugani ushauri juu ya udongo wenu, kwa kuwa udongo wenye tindikali kali huinyima mimea faida ya mbolea mliyoigharimia.

Ndugu mawakala, ninyi ndio mlango wa mwisho. Bandikeni bei mahali panapoonekana, na msimwandikie mkulima mifuko ambayo hakuipokea.

Atakayeuziwa juu ya bei elekezi, au atakayetilia shaka mbolea, asiitupe wala kuimaliza. Ahifadhi mfuko, lebo, risiti na kiasi kidogo cha mbolea yenyewe, kisha atoe taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji, afisa kilimo au ofisi ya udhibiti wa mbolea, ili wakaguzi wawahi kabla shehena hiyo haijawafikia wengine.

Nawatakia msimu mwema.